Mwenye Njia na Mizigo ya Watu

Katika Januari ya 2019 mama mmoja wa mtaa wetu hapa Manika, Kolwezi, aliuza cherehani yake. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, aliyoachiwa na marehemu mumewe aliyefanya kazi Gécamines, nayo ndiyo iliyowasomesha watoto wanne. Hakuiuza kwa ajili ya njaa, wala kwa ajili ya ulevi wa mtu. Aliiuza kwa ajili ya tarakimu kumi.

Mama huyu ana ugonjwa wa sukari. Binti yake yuko Ubelgiji, hutunza wazee huko, na kila mwanzo wa mwezi humtumia fedha za dawa. Fedha hupitia ofisi ya kutuma fedha, na mwenye kuzipokea hana budi kuonyesha namba, ambayo binti humwandikia mama yake kwa WhatsApp. Mwezi ule fedha zilitumwa kama siku zote. Namba haikufika. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya watu kupiga kura, intaneti ilikuwa imefungwa kwa amri ya serikali, na ujumbe wa kuandika kwa simu nao ukafuata. Kusema kwa sauti kuliwezekana bado, lakini kupiga Ulaya ni ghali, na mama hakuwa na unite za kutosha hata za kusalimia.

Tuseme kwanza kosa letu. Sisi tuandikao haya tulimwambia mama kwamba hayo ni mambo ya wanasiasa, hayatuhusu sisi, avumilie siku mbili tatu. Zikapita tano, zikapita nane. Alipokuja tena kwetu, amevimba miguu, cherehani ilikwisha ondoka kwa bei ya kutupa, na dawa aliyonunua ilikuwa inakaribia kwisha. Tuliona haya. Tukanunua unite, tukapiga Ubelgiji. Laini ikakatika baada ya tarakimu ya sita. Tukapiga tena, binti akazitaja zote mbili mbili kwa Kifaransa, upesi upesi, na sisi tukaandika 66 mahali pa 67. Ofisini wakatukatalia, wala hatuwezi kuwalaumu, maana namba isiyo sawa ni namba ya mwizi. Mara ya tatu ndipo tukapata. Mama yu hai hata leo, Mungu ashukuriwe. Cherehani haikurudi.

Tangu siku ile hatusemi tena kwamba habari za intaneti ni za wanasiasa, wala za vijana wenye kupenda kucheza na simu. Tumeanza kuuliza: njia hii ya maneno ni ya nani? Nani anaruhusiwa kuifunga? Na yule anayeilinda, anamlinda nani?

Kila mtu wa Kolwezi anaijua njia ya Likasi. Katika njia ile kuna kizuizi cha ushuru, tukiitacho peaji. Lori lililojaa shaba hulipa, basi la abiria hulipa, kila gari kwa kadiri ya ukubwa wake, kisha fito huinuliwa. Mwenye kizuizi haulizi katika basi ni nani anakwenda arusini na nani anakwenda mahakamani. Sasa fikirini kwamba mwenye kizuizi ana duka lake la unga pale kando. Magunia yake yapite bure, na ya wengine yalipe. Au aseme: unga wa rafiki yangu upite asubuhi, wa mama wa Fungurume ungoje hadi jioni. Unga wa mama yule utaoza, naye mwenye kizuizi atasema, "Mimi sikumkataza mtu kupita." Na kweli, hakumkataza.

Ndivyo ilivyo na makampuni yanayotuuzia intaneti. Wao wana waya na minara. Maneno yetu hupita juu yake. Wataalamu wa sheria huko ng'ambo wamejadiliana miaka mingi kama mwenye waya anaweza kupendelea mizigo fulani. Mwalimu mmoja wa sheria wa Marekani, Tim Wu, aliipa hoja hiyo jina mwaka 2003. Sisi na tuseme kwa Kiswahili chepesi: njia isiyopendelea. Marekani wenyewe wamepanda na kushuka katika jambo hili kama watoto wa bembea. Mwaka 2015 waliweka kanuni ya kukataza upendeleo, 2017 wakaiondoa, 2024 wakairudisha, na Januari 2025 mahakama ikaitangua. Basi asije mtu akatuambia kwamba wenzetu wamekwisha maliza, ni sisi tu tulio nyuma.

Labda utasema: "Sisi watu wa Lualaba tuna shida ya maji na umeme, upendeleo wa waya unatuhusu nini?" Ngojeni tuwaeleze lililotupata sisi katika kazi yetu ya katekesi.

Vijana wetu wengi hawanunui intaneti yote. Hununua forfe ndogo inayofungua WhatsApp peke yake, au WhatsApp pamoja na Facebook, kwa sababu ni rahisi. Ukitaka kutoka humo na kusoma ukurasa mwingine, simu inadai mega, na mega huna. Hata sisi twanunua hiyo hiyo. Basi kabla ya Pentekoste ya 2023, ilizunguka katika vikundi vya WhatsApp picha ya barua yenye muhuri, ikisema Kipaimara kimeahirishwa. Barua ile ilikuwa ya uongo. Tangazo la kweli lilikuwa katika ukurasa wa intaneti, na sisi, kwa kujiona wajanja, tukatuma anwani ya ukurasa huo kwa kila kikundi, tukalala usingizi mzuri. Tuliituma tukiwa katika ofisi ya parokia, ambako intaneti ni ya parokia.

Vijana kumi na mmoja wa kijiji kimoja cha njia ya Nzilo hawakuja. Askofu alifika, akawapaka wenzao krisma, akaondoka. Tulipokwenda kijijini kwa hasira tukauliza, "Mbona hamkufungua anwani tuliyowatumia?" msichana mmoja akajibu kwa upole, "Mwalimu, ilidai mega."

Picha ya uongo ilipita bure, kwa maana ilikuwa ndani ya WhatsApp. Ukweli ulikuwa nje ya ua, nao ulidai fedha. Hakuna mtu wa kampuni aliyetaka kutudanganya. Aliyeunda forfe ile hajui Kipaimara ni nini. Lakini mwenye njia alipochagua mzigo gani upite kwa bei ndogo na upi kwa bei kubwa, alikwisha chagua pia, pasipo kujua, habari gani imfikie maskini wa Nzilo. Wale kumi walipata Kipaimara mwaka uliofuata. Msichana yule alikuwa amekwisha hamia Kasumbalesa kufuata mume.

Ng'ambo ya mpaka ule wa Kasumbalesa, huko Zambia, ndiko ilikoanzia programu ya Internet.org ya kampuni ya Facebook, Julai 2014, pamoja na kampuni ya simu ya Airtel. Mtu aliweza kufungua Facebook, Wikipedia, habari za hali ya hewa na mambo machache mengine bila kulipa chochote. Wengi walishukuru, nasi hatuwacheki: mtu mwenye kiu hashindani na anayempa kikombe cha maji. Lakini Uhindi, Februari 2016, msimamizi wa simu wa nchi ile alikataza makampuni kuuza intaneti kwa bei mbalimbali kwa kufuata kilichomo ndani, na mpango ule wa Facebook ukafungwa huko. Walisema maskini asipewe kipande cha intaneti akidhani ndiyo yote. Kabla ya lile la Nzilo tungaliwaona Wahindi kuwa wakali. Sasa twawaelewa, ingawa tukisema kweli, siku forfe ya WhatsApp itakapoondolewa na nyingine isiwekwe, sisi ndio wa kwanza tutakaolia. Afadhali msimamizi ashurutishe bei ya intaneti yote ishuke, kuliko kuikataza ile ya kipande na kutuacha mikono mitupu.

Msimamizi tunaye. Sheria mbili za tarehe 16 Oktoba 2002 zilipanga mambo ya simu katika nchi yetu, na mojawapo ikaunda Mamlaka ya Kusimamia Posta na Simu, iitwayo kwa kifupi ARPTC. Kazi yake ni kutoa ruhusa kwa makampuni, kuangalia bei, na kumlinda mnunuzi. Sheria nyingine mpya ya simu ilikuja tarehe 25 Novemba 2020. Kuwa na msimamizi ni jambo jema. Wachimbaji wetu wanalijua kuliko profesa yeyote. Mchimbaji afikapo na gunia lake la kobalti katika bohari za Musompo, mnunuzi huipima kwa mashine ile iitwayo Metorex, kisha humwambia: madini yako ni asilimia fulani. Mashine ni ya mnunuzi, mzani ni wa mnunuzi, na lalamiko la wachimbaji juu yake ni la siku nyingi. Na mega zetu je? Zinahesabiwa na mashine ya yule yule anayeziuza. Wanunua leo asubuhi, jioni waambiwa zimekwisha, na huna mzani wako wa kupimia. Kazi ya msimamizi ni kushika mzani wa pili. Hiyo peke yake ingetosha kumpa heshima kwa watu.

Lakini watu wetu wamemjua zaidi kwa jambo lingine. Septemba 2020 ilianza kodi iliyoitwa RAM, yaani daftari la kuandikisha simu. Serikali ilisema ni kwa ajili ya kuzuia simu bandia na simu za wizi. Mwenye simu ya zamani alitakiwa dola 1 kwa mwaka, na mwenye simu ya kufungua intaneti dola 7, nazo zikakatwa kidogo kidogo katika unite zake. Mtu alitia unite ampigie mgonjwa wake, akakuta zimeliwa. Hapa Kolwezi tulisikia maneno makali sokoni kuliko yale ya wakati wa uchaguzi, kwa sababu mtu aliyeibiwa kuku na aliyekatwa unite hulia kwa sauti moja. Oktoba 2021 waziri wa posta na simu alipojieleza mbele ya Bunge, wabunge wenyewe walimpigia kelele. Mwaka 2022 kodi ikaondolewa. Uganda nao walikuwa na yao: tangu Julai 2018 mtu alilipa shilingi 200 kwa siku apate kufungua WhatsApp na Facebook, mpaka mwaka 2021, ilipobadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe.

Twasema hivi si kwa kuchukia kodi. Kodi hulipwa, na barabara haijengwi kwa nyimbo. Lakini askari aliyewekwa sokoni kuangalia mizani, akianza kukusanya fedha kwa wanunuzi, ni nani atakayemlilia tena juu ya mizani?

Sasa turudi katika habari ya kufunga. Sheria ile ya 2002, katika kifungu cha 46, iliipa serikali ruhusa ya kukataza matumizi ya mitambo ya simu, yote au sehemu yake, kwa ajili ya usalama wa watu, ulinzi wa nchi, au kwa sababu nyingine yoyote, na kwa muda itakaoukata yenyewe. Someni tena maneno hayo: sababu nyingine yoyote. Baba akimwambia mwanawe "waweza kutoka kwa sababu yoyote," hakumwekea sheria.

Na ruhusa hiyo ilitumika. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe wa kuandika kwa simu ulikatazwa kwa wiki kadhaa. Viziwi wa nchi yetu walilalamika wakati ule, na ni haki yao: wewe na mimi tulipiga simu kwa sauti, wao ujumbe wa kuandika ndiyo sauti yao. Nani katika ofisi ile ya Kinshasa aliyewafikiria viziwi? Januari 2015 tena, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Desemba 2016 wakafunga mitandao ya kuongea. Tarehe 31 Desemba 2017, wakristo walei walipoitwa na Kamati yao ya Uratibu waandamane baada ya Misa, kudai yatimizwe yale mapatano yaliyofanywa mwaka mmoja kabla mbele ya maaskofu wetu, intaneti na ujumbe vilikatwa kabla ya maandamano kuanza. Watu waliuawa siku ile, na ndugu zao walikaa wakitafutana gizani. Ilikatwa tena Januari na Februari 2018 kwa maandamano yaliyofuata.

Mwisho wa 2018 serikali ilitoa sababu: matokeo ya kura ya uongo yalikuwa yakienezwa, na watu wangeweza kupigana. Sisi hatuicheki sababu hiyo. Tumekwisha kuwaeleza barua moja ya uongo ilitufanya nini, na barua ile ilihusu Kipaimara tu. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Katika shule tuliyopigia kura, karatasi ya matokeo ilibandikwa ukutani. Tuliisoma kwa macho yetu. Kujua ya shule ya pili, yatupasa twende kwa miguu. Baraza la Maaskofu lilikuwa limeweka waangalizi wapatao 40,000 nchini, na tarehe 3 Januari 2019 likasema kwamba hesabu zao zaonyesha wazi mtu mmoja ndiye aliyeshinda, bila kumtaja. Tume ya Uchaguzi ilitangaza matokeo yake tarehe 10. Katika siku zile zote mwananchi hakuwa na njia ya kulinganisha karatasi ya ukuta huu na karatasi ya ukuta ule. Na uvumi haukupungua. Kinyume chake, ulihama kutoka katika simu ukaingia katika teksi na katika vilabu vya pombe, ambako hakuna wa kuusahihisha. Intaneti ilirudi karibu na tarehe 20 Januari, siku zile zile Mahakama ya Katiba ilipotoa hukumu yake.

Twaongeza haki kwa serikali hapa: katika uchaguzi wa Desemba 2023 nchi haikufungwa kwa namna ile. Lakini mwanzoni mwa Februari 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, watu walikuta X na TikTok hazifunguki. Wakati wa vita serikali yaweza kuwa na sababu za kweli. Hata hivyo sababu ya kweli haiogopi kuandikwa katika karatasi, kutiwa sahihi, na kuwekewa tarehe ya mwisho.

Majirani zetu Wazambia wametuonyesha kitu kimoja kinachofaa. Siku ya uchaguzi wao, tarehe 12 Agosti 2021, WhatsApp ilizuiwa. Kesho yake chama cha raia, Chapter One Foundation, kilikwenda Mahakama Kuu, na hakimu akaamuru njia ifunguliwe. Siku moja! Mama yetu wa Manika, katika siku zake ishirini, hangejua abishe mlango gani. Alibisha wa katekista, naye katekista akamwambia avumilie.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 24, yasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Twadhani mtu awezaye kusimama mbele ya hakimu na kifungu hicho mkononi, na akasikilizwa siku ile ile, ana ulinzi mkubwa kuliko mwenye simu tatu za makampuni matatu. Maana siku amri ilipotoka, makampuni yote yalitii pamoja. Watu wengine wameweka tumaini katika Starlink, ile intaneti ya kutoka angani. ARPTC iliikataza Machi 2024, kisha Mei 2025 ikaipa ruhusa. Ni vema, mahali pasipo mnara patapata njia. Lakini hata hiyo imeingia kwa ruhusa, na ruhusa yaweza kuwekewa masharti.

Kwa upande wetu, parokiani tumeanza jambo dogo. Kila Jumamosi mmoja wa vijana hununua mega kamili kwa mchango wa jumuiya, hufungua kurasa zenyewe, huandika matangazo kwa mkono katika karatasi, na karatasi hubandikwa mlangoni pa kanisa. Wale wa njia ya Nzilo huja kuipiga picha, na picha ile hupita bure katika WhatsApp. Msitucheke.

Mama mwenye sukari naye huja kuisoma. Juzi alitukuta tukibandika, akasimama na miwani yake, akauliza, "Mwalimu, uchaguzi mwingine ni lini?" Tukamjibu kwamba ukifuata desturi ya miaka mitano, ni mwisho wa 2028. Akahesabu kwa vidole. "Basi Novemba ile nitamwambia binti yangu atume fedha za miezi miwili, na namba anitajie kwa simu polepole. Au waonaje, wewe mtoto wetu uliyesoma?"

Tukamwambia, "Ndiyo, Mama. Mwambie atume za miezi miwili."